Mzee Kanda, Aliyewasikia Walio Nyuma ya Ukumbi

Ndugu, jamaa na marafiki, jina kamili la marehemu mnaliona kwenye jalada la ratiba mliyoshika mkononi. Ni jina zuri, na alilitumia hospitalini na mbele ya mahakimu. Lakini nyumbani, kazini na mtaani aliitwa Kanda, na mvi zilipoingia akawa Mzee Kanda. Mwenyewe alisema mtu akimwita lile jina refu anahisi kama ameshtakiwa. Kwa hiyo hapa tutamwita Kanda.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake. Ukutani zilining'inia saa za wateja, na hazikuwako hata mbili zilizokubaliana. Baba yake alikuwa na mchezo wa kuwafumba watoto macho na kuwauliza ni saa ipi inayochechemea. Wenzake walibahatisha wakapiga kelele. Yeye aliinamisha kichwa, akanyamaza mpaka mama yake akadhani amesinzia, kisha akanyoosha kidole.

Jirani yao aliuza santuri. Kanda alipoanza kujua kusoma, kazi yake ikawa kusimama mbele ya rafu za duka lile na kusoma majina ya waimbaji. Siku moja akamwendea mwenye duka na swali zito. "Mzee, huyu Wasanii Mbalimbali anaishi wapi? Ana santuri nyingi kuliko wote. Tena jana alikuwa na sauti ya mwanamke, leo ni mwanamume." Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. "Huyo, mwanangu, anaishi kila mahali, na hakuna aliyewahi kupiga naye picha." Kanda aliondoka ameridhika kabisa. Alituambia alikuja kujua ukweli akiwa na miaka kumi, na siku hiyo alihuzunika kama mtu aliyefiwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Mwalimu mkuu aliandika kwenye cheti chake maneno ambayo familia inayajua kwa moyo: "Ana akili, lakini hugonga meza." Alisomea ualimu, akafundisha historia kwa muda mfupi, na mwaka 1974 akaingia gazetini kama msahihishaji wa makosa ya uchapaji. Miaka mitatu baadaye mhariri wa kurasa za burudani alikosa mtu wa kuandika juu ya santuri iliyokuwa na nyimbo za bendi tisa. Kila mwandishi aliona ni kazi ya kuchosha, kwani ungemsifu nani ukamwacha nani? Kanda akaomba aijaribu. Ndivyo ilivyozaliwa safu yake ya kila Ijumaa, na hapana haja ya kuuliza aliipa jina gani. Aliiita "Wasanii Mbalimbali."

Alikuwa na kanuni zake. Mkusanyiko wa nyimbo ukifika nyumbani, mara ya kwanza aliusikiliza akiwa anapiga pasi au anamenya viazi, aone ni wimbo upi utakaomsimamisha mikono. Mara ya pili aliketi. Mara ya tatu alifumba macho, na hapo hata mgeni angepiga hodi mpaka akauke koo, asingejibiwa. Aliandika kwamba mkusanyiko mzuri ni kama mwenyeji mwema, anajua nani akae karibu na nani. Mbaya ni kama gari la mizigo, kila kitu kimo na hakuna kinachomjua mwenzake. Juu ya mkusanyiko mmoja wa nyimbo za mapenzi aliandika sentensi moja tu: "Watu kumi na wawili wanamlilia mpenzi aliyewakimbia, na baada ya kuwasikiliza wote, namwelewa aliyekimbia."

Lakini alizozipenda zaidi ni rekodi za jukwaani. Alisema katika kila rekodi ya namna hiyo yumo msanii mmoja ambaye jina lake haliandikwi, naye ni watu waliohudhuria. Aliwahakiki watu hao sawasawa na waimbaji: waliopiga makofi kabla wimbo haujesha, aliyekohoa penye kimya, mama aliyeitikia kibwagizo kwa sauti isiyomsubiri mtu. Wasomaji walicheka. Kwake halikuwa jambo la kuchekesha. "Ukumbi ukiusikiliza vizuri," alisema, "utajua nani amekaa wapi."

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuwa muuguzi katika hospitali kuu. Walijuana kwa sababu Kanda alikuwa na desturi ya kwenda kuoshwa masikio mara kwa mara, kama seremala anavyonoa msumeno. Siku moja muuguzi akamchungulia sikio, akaweka kifaa chake chini. "Kaka, masikio yako ni safi kuliko vikombe vyetu. Unatafuta nini hapa?" Swali hilo Kanda alikuja kulijibu baada ya miezi kadhaa, mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Mungu aliwajalia binti, ndiye anayewasomea maneno haya, na mwana mmoja. Pamoja nao alilelewa nyumbani humo mdogo wake mama yetu, aliyeitwa Waya kwa kuwa hakuna redio iliyoingia mikononi mwake ikatoka na mfuniko. Kanda alimpeleka kujifunza ufundi wa mitambo ya sauti, akamfundisha kusikiliza, akajivunia alipoajiriwa na studio. Shemeji huyu alikuwa kama mwanawe wa kwanza.

Sasa tumefika mahali ambapo familia ilikaa na kujadiliana kama pasomwe leo au parukwe. Mama yetu alimaliza mjadala. "Mkiyaruka hayo," alisema, "mtamzika mtu mwingine."

Wengi wenu mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1988. Tamasha la hisani lilifanyika alasiri katika jumba la zamani la sinema, wanamuziki wa bendi mbalimbali wakiimba kwa zamu. Watu kumi na tisa hawakurudi makwao. Kanda hakuwepo, mwanawe alikuwa na homa, na mama yetu aliitwa hospitalini kusaidia. Alirudi nyumbani keshoye, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Maneno aliyosema yalikuwa machache: aliwaosha waliokufa, wengi wao vijana, na mikono yao ilikuwa imepasuka.

Taarifa iliyotolewa ilieleza kwamba hitilafu ya umeme ilitokea wakati wa wimbo wa mwisho, moshi ukaingia, milango ikafunguliwa mara moja, na watu wakakanyagana kwa hofu yao wenyewe. Aliyekamatwa ni bawabu wa mlango wa nyuma, kwa madai kwamba alikimbia zamu yake. Bawabu yule alisema tangu siku ya kwanza kwamba mlango ulifungwa kwa mnyororo kwa amri ya mwandaaji wa tamasha, ili wasio na tiketi wasipenye, na ufunguo hakuachiwa yeye. Alikuwa mtu mmoja, na maneno yake yalikuwa dhidi ya mwandaaji ambaye hata waliomzidi umri walimwita Bosi. Akawekwa rumande.

Mwezi Januari ilitoka kaseti ya tamasha lile. Jalada lilikuwa jeusi, limeandikwa kwamba ni kwa kumbukumbu ya waliotutoka. Ilikuwa rekodi ya jukwaani, tena ya wasanii mbalimbali, na ilikuwa lazima ifike mezani kwa Kanda. Fundi aliyechanganya sauti alikuwa Waya.

Kanda aliisikiliza kwa kanuni zake na akaandika uhakiki. Aliwasifu waimbaji, ila wimbo wa tano ulimkera. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mwimbaji mmoja mwanamke mwenye umri na gitaa lake, lakini chini yake ilisikika ngoma inayokwenda kombo, mara inakimbia, mara inasita. Aliandika kwamba mpiga ngoma angelifaa zaidi akibaki nyumbani. Kisha moyo ukamsuta. Mpiga ngoma yule alikuwa akimjua, na kwa miaka yote hajawahi kumsikia akipotea. Kabla ya kupeleka uhakiki, akaona ni adabu amwone mwenyewe.

Siku za kazi mpiga ngoma alikuwa seremala. Kanda alimkuta karakanani akipiga randa mguu wa kitanda.

"Wimbo wa tano?" seremala aliuliza. "Ule wa mama na gitaa?"

"Huohuo. Ulikuwa umelewa, ndugu yangu?"

Seremala hakucheka. "Kanda, wimbo ule hauna ngoma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimevua viatu, nakunywa maji."

"Basi nani aliyepiga?"

Seremala aliweka randa chini, akamtazama. Kanda alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika alikuta mama yetu ametoka zamu, bado yumo kwenye sare.

"Wale wa ukumbini," Kanda akamwambia. "Mikono yao ulisema ilikuwaje?"

"Kwa nini?"

"Niambie tu."

"Imepasuka hapa." Alimwonyesha vifundo vya vidole. "Wengine mpaka mfupa. Kanda, kwa nini?"

Kanda alimvika vipokea sauti vya kichwani, akarudisha kaseti kwenye wimbo wa tano. Mama yetu alisikiliza amesimama. Alivivua kabla wimbo haujesha, akaviweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto. "Zima," alisema. "Hiyo si ngoma."

Waya aliitwa Jumapili, akaja amebeba mtoto wake wa miezi mitatu. Chakula kilikuwa mezani na hakuna aliyekigusa. Kanda hakuzunguka.

"Shemeji, wimbo wa tano. Nani anapiga?"

"Ni ngoma, shemeji."

"Nimetoka kwa mwenye ngoma."

Waya alimpa dada yake mtoto. "Nilitundika kipaza sauti nyuma, cha kunasa makofi," alisema. "Kiko karibu na mlango. Tulipoanza kuchanganya, Bosi alikuja mwenyewe akakaa pembeni yangu. Akasema fagia kelele zote za nyuma. Nikafagia. Hiyo moja ilikuwa imeshikana na sauti ya yule mama. Ukiikata, unamkata na yeye. Nikaiacha, nikidhani hakuna atakayeitambua."

"Walianza kugonga tangu wimbo wa tano?"

"Tangu wa nne."

"Na kanda yenyewe, ile ya mwanzo kabla hujaikata, iko wapi?"

"Usiniulize hilo. Nakuomba, usiniulize." Akamgeukia dada yake. "Dada, mwambie. Wewe unawajua hawa watu? Nina mtoto mimi."

Mama yetu alikuwa amemkumbatia mtoto yule kifuani. Alisema maneno ambayo binti yake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hajayasahau mpaka leo. "Huyu ni mdogo wangu, Kanda, wa tumbo moja. Na wale niliwaosha kwa mikono hii. Sijui nikuambie nini."

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa kama imewekwa juu ya yai. Bawabu alikuwa anakaribia kusomewa mashtaka. Kanda aliandika, akachana, akaandika tena. Alhamisi aliweka ukurasa mbele ya mhariri, mtu aliyemjua tangu siku za kusahihisha makosa.

"Huu si uhakiki," mhariri alisema. "Hii ni kesi."

"Kazi yangu ni kuwaambia watu kinachosikika. Nimewaambia."

"Watatuvunja miguu."

"Basi nipe sababu iliyo ndani ya kaseti, niondoe."

Mhariri alisoma tena, akavua miwani, akapeleka ukurasa mitamboni kwa mkono wake mwenyewe. Uhakiki ulitoka Ijumaa tarehe 10 Februari 1989. Aya yake ya mwisho ilisema: "Wimbo wa tano una mpigaji ambaye hakuandikwa jaladani. Hapigi ngoma. Anapiga mlango, kutokea ndani, na nyimbo nne zilikuwa bado hazijaimbwa."

Hapa wasifu huu hauna budi kusema jambo ambalo Kanda mwenyewe hakuwahi kulificha. Hakumwambia Waya siku ambayo maneno yale yangetoka. Aliogopa shemeji yake angempigia magoti, naye angelegea. Waya aliyasoma kibandani, amesimama na mkate mkononi, kama mtu mwingine yeyote. Jioni ile hakurudi kwake. Mkewe alikuja kwetu, akasimama uwanjani, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Mmemlea ili mje mmuuze!" Mama yetu alitoka kumshika mkono, yeye akauvuta. Kwa wiki nyingi mama yetu hakujua kama mdogo wake yu hai. Alimpikia mumewe, alimfulia, na hakumsemesha.

Kaseti zilitoweka madukani. Simu ya gazeti ililia na waliopiga hawakusema kitu. Sisi watoto tulipelekwa kwa bibi. Siku moja mchana kweupe, watu wawili walimngoja Kanda kwenye ngazi za ofisi, wakamwuliza kwa upole kabisa kama ni yeye mwenye sikio kali. Alipoitikia, wakampiga. Walimpiga kichwani zaidi, upande wa kushoto, na sikio hilo halikusikia tena. Mama yetu ndiye aliyekuwa zamu alipoletwa. Alimsafisha majeraha bila neno. Alipomaliza kumfunga bendeji akainamisha paji la uso juu ya bega lake. Ndipo wakaanza tena kusemezana.

Kelele za wafiwa sasa hazikuzimika, na mwezi Mei tume ya uchunguzi ikakaa. Kanda alisimama mbele yake na kichwa kimefungwa. Wakili wa Bosi alikuwa mtu mwerevu, hakupandisha sauti hata mara moja.

"Unasikia kwa masikio mangapi leo, bwana?"

"Moja."

"Na kwa hilo moja, unaweza kuapa kwamba sauti ile ni ya mlango, si ya kiti, si ya miguu ya watu wanaofurahia wimbo?"

Kanda alikuwa mtu wa kupima maneno, hata pale ambapo uongo ungemfaa. "Siwezi kuapa ni mlango," alisema. "Naweza kuapa si mtu anayefurahi."

Wakili akaketi, ametosheka. Bawabu, aliyeletwa chini ya ulinzi, aliinamisha uso magotini. Kanda alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuna kimya alichokiogopa kuliko kile.

Siku iliyofuata, asubuhi, mtu alisimama mlangoni mwa chumba cha tume. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, amebeba mfuko wa nepi za mtoto. Alikuwa Waya. Walinzi walitaka kumzuia, mwenyekiti akaamuru apite. Alipita mbele ya Kanda bila kumtazama, akaingiza mkono chini ya nepi, akatoa kanda yenyewe, ya mwanzo, ambayo haikukatwa. Bosi alikuwa amechukua nakala akidhani ndiyo hiyo.

Waliipiga. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya wakili yeyote kueleza kitu. Vilisikika vishindo, na kikohozi, na watu wakiita kwamba moshi unatoka stoo ya chini ya ngazi, na sauti ya bawabu kwa nje ikilia, "Ufunguo! Nani ana ufunguo?" Kisha ikasikika sauti ya msichana, wazi kabisa, karibu na kipaza sauti. Mwanamke mmoja katika viti vya nyuma akasimama. "Huyo ni wangu," alisema. "Huyo ni mwanangu." Akaanguka. Mwenyekiti akaamuru mtambo uzimwe mpaka mama yule atolewe nje, na sehemu iliyobaki ikasikilizwa baadaye na wajumbe na mashahidi tu.

Bawabu aliachiliwa. Bosi alifungwa. Wengi mlimpongeza Kanda siku zile, mkamshika mkono barabarani. Ila mtu mmoja alikuja nyumbani ambaye hakuja kupongeza. Alikuwa mama yule. Hakukubali kiti wala maji.

"Nilikuwa nimemzika," alimwambia Kanda. "Nilijiambia alivuta moshi akalala, hakuhisi kitu. Ndivyo nilivyokuwa napata usingizi. Wewe na masikio yako mmenifukulia mtoto. Usije ukanitajia habari zake tena, popote utakaponiona."

Kanda hakujitetea. Hakumwambia habari za bawabu wala za haki. Alisema tu, "Sawa, mama." Mama yule alipoondoka, alikusanya santuri na kaseti zake zote akazifunga kabatini, na kwa zaidi ya mwaka hakuandika chochote. Alikwenda kwa Waya, ambaye studio zote zilimfungia milango, na mbele ya mkewe akasema, "Nilikuweka pabaya bila kukuambia. Ulistahili kuambiwa." Waya alimwacha amesimama muda mrefu. Halafu akamsogezea kigoda. Walikaa mpaka jua likatua, wakiitengeneza redio ya mteja, na ikawa wameanza upya. Hawakurudi kuwa kama zamani. Urafiki wao wa sasa ulikuwa wa watu wazima wawili.

Aliyemrudisha Kanda kazini ni mama yetu. "Unatembea humu ndani kama redio iliyozimwa," alimwambia. "Fungua kabati, au nilifungue mimi kwa shoka." Safu ikarudi mwaka 1990. Kanda alifanya mzaha kwamba sasa anasikiliza nusu, lakini hapana neno, waimbaji wengi nao huimba nusu. Baadaye alipata kipindi redioni, akawafundisha vijana wengi waliopo hapa leo namna ya kusikiliza, na akastaafu mwaka 2011. Kwa waliomjua juujuu alikuwa mcheshi. Sisi tuliokwenda naye kumbini tunajua kwamba hakuketi kabla hajausukuma kila mlango aone kama unafunguka.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Madaktari walikuta saratani ya koo. Alitibiwa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi na nguvu mpya. Mwishoni mwa Februari mwaka huu alilazwa katika hospitali ileile aliyofanyia kazi mama yetu, na kusema kwake kukawa ni kunong'ona.

Jumamosi moja alasiri mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia bibi mwenye fimbo. Mama yetu alimtambua kwanza, akasimama, mkono kifuani. Alikuwa mama wa yule msichana. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakipishana sokoni na misibani, na Kanda alitii neno lake. Alimwamkia na kupita. Sasa bibi huyu alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda. Aliilaza fimbo yake sakafuni.

"Siku ile walizima," alisema hatimaye. "Mimi nilisikia anaita tu. Wewe ulisikia mpaka mwisho."

Kanda alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi ni mzee. Nataka kujua alisema nini. Usinifiche, na usinipambie. Kama alikuwa ananiita mimi, niambie."

Mama yetu alitaka kumzuia mumewe. Aliogopa jibu, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuambiwa. Kanda alimwashiria amwinue kidogo. Yule bibi akainama mpaka sikio lake likawa karibu na midomo ya mgonjwa.

"Hakuwa anakuita," Kanda alinong'ona. Ilimbidi apumzike kati ya neno na neno. "Alikuwa anamwita mtoto. Kulikuwa na mtoto mdogo pale, na dirisha juu. Alimwambia, 'Panda begani kwangu. Shika dirisha.'" Akavuta pumzi. "Halafu akasema, 'Umeshika? Haya, nenda.'"

Kila mtu aliyekuwepo mwaka ule alijua kwamba mtoto mmoja aliteremshwa kutoka kwenye dirisha la nyuma akiwa hai. Nje ya wale wachache walioisikiliza kanda ile mpaka mwisho, hakuna aliyejua nani alimwinua.

Bibi alikaa ameinama vilevile. Machozi yalikuwa yakidondoka juu ya shuka.

"Alishika?" aliuliza.

"Alishika."

Bibi akauchukua mkono wa Kanda, akauweka juu ya magoti yake mwenyewe, na hakuuachia mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Mzee Kanda alifariki dunia Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake na dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Ameacha mjane, mke aliyeishi naye katika ndoa miaka arobaini na mitatu. Binti na mwana. Wajukuu watano, ambao mmoja hugonga meza. Dada yake mkubwa. Na shemeji yake Waya, aliyetufungia vipaza sauti hivi na kukataa kuketi viti vya familia kwa sababu, anasema, mitambo isipoangaliwa hukoroma. Ameacha pia mama wa yule msichana. Tulipokuwa tunaandika orodha hii hatukujua tumweke wapi, mama yetu akasema awekwe pamoja na ndugu. Ameketi mstari wa mbele. Anayemshika mkono ni mwanamke mwenye watoto watatu, ambaye tumejuana naye wiki hii tu, kwa kuwa bibi alimtafuta mtaa kwa mtaa mpaka akampata. Siku ile alikuwa na miaka sita, na alishika dirisha.

Mola ampokee Mzee Kanda, amlaze pema, na pumziko lake liwe la amani.